Mpini wa Jembe na Mipangilio ya Kihariri

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo hutujia akilini kila mwaka tunapofundisha wanachuo wa ualimu hapa Tosamaganga kuandika programu za kompyuta. Hawakosekani wanachuo wanaotumia juma zima kulinganisha kihariri hiki na kile, wakibadili rangi za kioo na maumbo ya herufi, na siku ya Ijumaa hawajaandika hata mistari kumi ya programu. Hao methali inawahusu. Lakini wapo pia wanaokitumia kihariri vile vile walivyokikuta, wakitaabika na herufi ndogo na makosa wasiyoyaelewa, mpaka wakaamini kwamba kazi hii si ya watu wa aina yao. Hao twawakumbusha jambo ambalo kila mkulima wa Iringa analijua: jembe hununuliwa dukani, lakini mpini hupimwa kwa kimo cha mlimaji.

Katika makala haya tumekusudia kueleza ni mipangilio ipi inayostahili kubadilishwa, kwa sababu gani, na mwalimu aishie wapi.

Kihariri ni programu ambamo mtu huandika maagizo atakayoipa kompyuta. Kwa mwalimu, kihariri ni kama ubao. Kabla ya kuanza somo, mwalimu hodari huufuta ubao, huupiga mistari, na huhakikisha kwamba mtoto aliyeketi nyuma ataona. Hayo si somo lenyewe, lakini somo huharibika yasipofanywa. Ndivyo ilivyo kwa mipangilio ya kihariri.

Jambo la kwanza ni macho. Lugha ya Python inapokutana na kosa hutaja namba ya mstari ilipokwama. Ikiwa kihariri hakionyeshi namba za mistari, mwanafunzi huhesabu kwa kidole juu ya kioo. Mwalimu asemapo, "Tazameni mstari wa 12," yafaa darasa zima litazame mahali pamoja. Vivyo hivyo ukubwa wa herufi: wanafunzi watatu wakiizunguka kompyuta moja, herufi zimtoshe yule aliye pembeni, wala si yule tu aliyeshika kibodi.

Jambo la pili ni nafasi zinazoanza mstari. Katika Python, mistari iliyo chini ya agizo moja husogezwa ndani kwa kipimo kilicho sawa, na desturi iliyopendekezwa tangu mwaka 2001 ni nafasi 4. Python ya toleo la 3, iliyotoka mwaka 2008, hukataa mchanganyiko wa kitufe cha Tab na kitufe cha nafasi ikiwa maana ya mpangilio huo haieleweki kwa yakini. Tumemwona mwanachuo mwenye bidii akifuta na kuandika upya mistari ishirini mara tatu, kosa likirudi pale pale, kwa kuwa mistari mingine aliisogeza kwa Tab na mingine kwa nafasi, na kwa jicho yote ilionekana sawasawa. Jioni ile alikwisha kuomba abadilishiwe somo. Hakupungukiwa na akili. Alipungukiwa na mpangilio mmoja, ule unaoamuru kitufe cha Tab kiandike nafasi 4. Ulipowekwa, programu yake ilikwenda, naye akabaki darasani.

Jambo la tatu ni kuhifadhi kazi. Umeme ukikatika katikati ya kipindi, kazi ambayo haijahifadhiwa yaweza kupotea, na pamoja nayo hamu ya mwanafunzi. Visual Studio Code, kihariri kilichotolewa na kampuni ya Microsoft mwaka 2015, kina mpangilio wa kuhifadhi kazi chenyewe, lakini mpangilio huo huja ukiwa umezimwa. Ukiwashwa kwa namna ya kungoja, huhifadhi baada ya milisekunde 1000, yaani sekunde moja, tangu mwandishi aache kuandika. Kihariri cha Vim nacho huandika akiba yake katika faili la pembeni kila baada ya herufi 200, au baada ya sekunde 4 za kutulia, na kazi yaweza kurejeshwa humo.

Yafaa tuseme kidogo juu ya Vim, maana historia yake inagusa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1976 Bill Joy, huko Marekani, aliandika kihariri kiitwacho vi. Bram Moolenaar, Mholanzi, alitaka kihariri cha namna hiyo kwa ajili ya kompyuta yake ya Amiga, naye akakitengeneza. Vim kikatolewa kwa watu wote mwaka 1991. Basi chombo hicho kilianza kama mpini uliochongwa na mtu mmoja kwa mahitaji yake. Mwaka 1994 Moolenaar alifanya kazi katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda, katika eneo lililokuwa limeathiriwa sana na UKIMWI. Tangu hapo aliwaomba watumiaji wa Vim, ambacho hutolewa bure, wawasaidie watoto wa huko, na mwito huo huonekana kwenye kioo Vim kinapofunguliwa bila faili. Alifariki tarehe 3 Agosti 2023.

Mipangilio ya Vim huwekwa katika faili dogo la maandishi liitwalo .vimrc. Twawataka wanachuo wetu waandike sababu juu ya kila agizo, hivi:

" namba za mistari, ili kosa lionekane upesi
set number
" Tab iandike nafasi, si alama ya Tab
set expandtab
" kila hatua ya ndani iwe nafasi 4
set tabstop=4
set shiftwidth=4

Mistari inayoanza kwa alama ya kunukuu ni maelezo ya msomaji, kompyuta huipita. Asiyeweza kuandika sababu kwa sentensi moja ya Kiswahili, hana haja bado ya agizo hilo. Kipimo hiki ndicho kimlindacho mwanachuo asiwe mchagua jembe.

Katika shule ya msingi kuna jambo jingine la kuangaliwa. Kompyuta moja hutumiwa na watoto wengi, na mipangilio ya mmoja isiwe kikwazo kwa mwingine. Atakayefungua kihariri na kukuta herufi za kijani juu ya weusi, na vitufe vimebadilishwa kazi, atadhani mashine imeharibika. Kwa hiyo mipangilio ya darasa na iwe michache na ifanane katika kompyuta zote. Visual Studio Code huruhusu mipangilio kuwekwa ndani ya folda ya kazi yenyewe, na hiyo hutangulia ile ya mtumiaji. Folda ikihamishwa kwa flashi, mipangilio huenda nayo. Mapendeleo ya mtu binafsi yabaki katika kompyuta yake binafsi.

Ndugu mwalimu mtarajiwa, twakushauri ufanye zoezi hili kabla ya mazoezi ya kufundisha. Andika programu fupi kwa siku tano bila kubadili lolote, huku ukiorodhesha katika daftari kila jambo lililokukwamisha zaidi ya mara moja. Siku ya sita, badili mipangilio inayohusu orodha hiyo tu, mmoja baada ya mwingine, ukijaribu programu yako kila mara. Kisha funga ukurasa wa mipangilio, urudi kazini. Mpini ukishakufaa mkononi, shamba linangoja.