Mpiga Piano Achaguapo Nyimbo Zake

Watu wengi hudhani kwamba mpiga piano mashuhuri, asafiripo, hana budi kupiga zile nyimbo zipendwazo na wote. Sviatoslav Richter wa Urusi, aliyefariki mwaka 1997, hakuifuata njia hiyo. Alijua nyimbo nyingi mno, lakini konseto ya 5 ya Beethoven, ijapokuwa ina sifa duniani kote, hakuipiga. Na katika zile prelude 24 za Chopin alichagua baadhi tu. Wala hakupenda kufungwa na mpango uliopangwa tangu zamani.

Mwaka 1986, umri wake ukiwa umepita miaka 70, alisafiri kwa motokaa kuvuka Siberia, akapiga piano hata katika miji midogo isiyokuwa na ukumbi wa muziki. Siku hizo za uzee alizima taa, akabakiza moja ndogo ya kumulika kitabu chake, ili watu wasikilize muziki, wasimtazame yeye.

Yamkini aliyelipa kiingilio alitamani wimbo mwingine, akaondoka hakuupata. Lakini hakupewa kitu kilichopigwa kwa kulazimishwa. Kipendacho moyo ni dawa.