Kujifunza Kupanda Farasi Pasipo Farasi

Msomaji, pengine hujapata kuketi juu ya farasi, na kama kwenu ni Kisumu kama kwetu, si ajabu. Farasi ni mgeni katika mwambao wa ziwa letu. Kwa miaka mingi mbung'o walikaa katika vichaka vya ukingoni na katika Bonde la Lambwe, na ugonjwa wa nagana wanaouleta ni mwepesi wa kuua farasi. Watu wa kwetu walijua ng'ombe, mbuzi na mashua. Kwa hiyo utacheka nikikuambia kwamba mimi nilirekebisha mkao wangu wa farasi huko huko Kisumu, mahali ambapo sikuwa na farasi hata mmoja.

Nilikuwa na umri wa miaka 19, mtunza farasi katika banda moja karibu na Nairobi. Kazi yangu ilikuwa kuzoa samadi. Tamaa yangu ilikuwa kupanda. Nilipopewa nafasi nilianguka mara tatu katika juma moja, kila mara farasi alipotoka katika matembezi akaingia mwendo wa kurukaruka. Mwalimu alinipa likizo ya majuma sita, akasema nikirudi na miguu ile ile, nirudie samadi yangu.

Kosa langu lilikuwa kubana. Mwenye hofu humbana farasi kwa magoti, na visigino vyake hupanda juu. Ukibana kipande cha sabuni kwa mkono uliolowa, huruka. Vivyo hivyo magoti yabanayo humsukuma mpandaji mbali na tandiko. Xenophon, Myunani aliyeandika juu ya farasi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alikwisha kuonya kwamba mpandaji asikae kama aketiye kitini, bali kama mtu aliyesimama wima na miguu yake imeachana. Sikio, bega, nyonga na kisigino viwe katika mstari mmoja. Ni rahisi kuandika.

Mlangoni kwetu pana kidato cha saruji. Kila asubuhi nilisimama ukingoni mwake kwa sehemu ya mbele ya nyayo, mkono mmoja ukishika ukuta, nikaacha visigino vishuke polepole, nikahesabu hadi 30. Usivisukume, uache uzito uvivute. Kisha nilipiga goti moja chini, nikasogeza nyonga mbele hata nikahisi mvuto juu ya paja, maana nyonga zilizokakamaa ndizo zinazoinua goti. Mwisho niliachanisha miguu, vidole vikitazama mbele, nikachuchumaa nusu pasipo kuinama. Watoto wa jirani walikuja kutazama kila siku. Mmoja aliniletea majani nile.

Walakini baada ya majuma matatu nilikuwa na miguu milaini na hofu ile ile.

Mjomba wangu ni mvuvi wa Dunga. "Mpwa wangu," aliniambia, "njoo usimame." Alinisimamisha katikati ya mashua, akaisukuma majini, pasipo kunipa cha kushika. (Usijaribu hili peke yako, wala kama hujui kuogelea, mimi nilijua, naye alikuwa hatua moja nyuma yangu.) Wimbi la kwanza lilinikuta nimekaza magoti. Nilianguka juu ya nyavu, na harufu ya omena ikanifuata siku nzima.

"Unapigana na ziwa," alisema. "Legeza kiuno. Mashua ikienda, iache iende."

Nilikwenda naye asubuhi 11. Siwezi kukuambia ni lini hasa nilipojua. Nakumbuka tu kwamba siku moja nilikuwa nikimtazama kiboko karibu na magugu maji, nikatambua kwamba tumekwisha kuyapita mawimbi nami sikuyafikiri. Magoti yalikuwa yamekunjika kidogo, uzito umeshuka visiginoni, na nyonga zilikwenda na kurudi zenyewe.

Niliporudi, mwalimu alinipandisha farasi yule yule aliyeniangusha, akaondoa vikuku vyote viwili, miguu yangu ikaning'inia. Tulianza kwa matembezi, kisha akapiga ulimi. Mgongo wa farasi uliinuka upande huu, ukashuka upande ule, kama maji ya Dunga upepo wa mchana unapoanza. Nilizunguka mara nne. Mwalimu alivitazama visigino vyangu kwa muda mrefu, asiseme neno. Kisha akaenda akafungua lango la uwanja mkubwa.