Vijidudu Navyo Husubiri Akidi



Ndugu wazazi, na nyinyi vijana wetu, leo naomba tuzungumze habari ya vijidudu ambavyo jicho haliwezi kuviona bila hadubini, na jinsi vinavyopashana habari. Kazi yangu ni kusomesha dini, sayansi nimeisoma kama msomaji tu. Lakini jambo hili linagusa maradhi niliyoyaona kwa macho yangu nikiwa mtoto hapa Goma, ndiyo maana sikuweza kulipita.

Kila aliyewahi kukaa kwenye kikao anajua maana ya akidi: watu wasipotimia, hakuna kinachoamuliwa. Na sisi tunaofuata madhehebu ya Imam Shafi tunajua kwamba swala ya Ijumaa hutaka watu 40. Basi wataalamu wamegundua kwamba vijidudu navyo vina akidi yao. Ziko kazi ambazo kimoja peke yake hakizianzi, husubiri wenzake watimie.

Mwaka 1970, Kenneth Nealson na Woodland Hastings wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, pamoja na mwenzao mmoja, waliandika habari za vijidudu vya baharini vinavyotoa mwanga. Vikiwa vichache majini, karibu havitoi mwanga. Vikishakuwa vingi, vinawaka vyote kwa pamoja. Vinajuaje kwamba vimekuwa vingi? Kila kimoja hutoa kemikali kidogo kidogo. Mfano wake ni moshi wa makaa. Jiko moja likiwashwa uwanjani, moshi unapotea hewani. Majiko mia yakiwashwa uani, mtaa mzima unajua. Kemikali ikishajaa, kila kijidudu huihisi, na ndani yake kazi mpya huanza. Kuna ngisi mdogo wa pwani za Hawaii ambaye hukaa na vijidudu hivyo tumboni mwake. Usiku mwanga wao humfichia kivuli chake, ili maadui walio chini wasimwone. Asubuhi huvitoa nje karibu vyote, na vilivyobaki huzaana tena hadi jioni.

Profesa Bonnie Bassler, aliyeanza kazi katika Chuo Kikuu cha Princeton mwaka 1994, ameongoza huko kikundi cha watafiti wanaofuatilia mazungumzo hayo. Wao wameonyesha kwamba kijidudu kimoja kinaweza kuwa na lugha zaidi ya moja. Iko kemikali ya ukoo wake tu, na iko nyingine ambayo koo nyingi tofauti huielewa. Kwa watu wa Goma hili si gumu. Nyumbani huyu anasema Kinande, yule Mashi, yule Kinyarwanda, lakini wakikutana sokoni wote wanasema Kiswahili.

Niliposimulia haya darasani, mtoto mmoja aliuliza, "Ustadhi, kwani vina midomo?" Nikamjibu hapana, wala havina akili ya kufikiri kama mimi na wewe. Tunasema "vinazungumza" kwa sababu hatuna neno jepesi zaidi. Ni kemikali inayotoka kwa kimoja na kupokewa na kingine, kwa mpangilio aliouweka Muumba. Mtoto aliridhika, akauliza tena, "Na vya kipindupindu je?" Hapo ndipo nilipotaka tufike.

Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari na vita vya Rwanda, mamia ya maelfu ya wakimbizi waliingia mji wetu katika siku chache. Nilikuwa na miaka 13. Ardhi yetu ni mawe ya volkano, kuchimba choo ni kazi, kuchimba kaburi ni kazi. Watu walichota maji ya ziwa Kivu kwa bidoni na kuyanywa hivyo hivyo. Kabla mwezi huo haujaisha kipindupindu kilikuwa kimetapakaa. Katika mwezi wa kwanza, wakimbizi karibu 50,000 walikufa kwa kipindupindu na kuhara damu. Nyumbani kwetu alikufa binti wa mjomba wangu, umri wake miaka 6. Magharibi alikuwa akicheza, alfajiri hatukuwa naye. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Kikundi cha Princeton kimetufundisha jambo la ajabu juu ya kijidudu hicho. Kikiwa kichache tumboni hujigandisha kwenye utumbo na kutoa sumu, na sumu hiyo ndiyo inayomwaga maji yote ya mwili. Vikishatimia akidi, huacha sumu, hujibandua na kutoka na choo kwenda kutafuta mtu mwingine. Nilipolisoma hilo nililikumbuka ziwa lile. Kila mgonjwa aliyehara karibu na maji alikuwa akitoa jeshi lililokwisha maliza kazi kwake na kuanza safari.

Mwaka 2007 kikundi hicho kilitangaza kwamba kimeitambua kemikali inayobeba habari hiyo, na kwamba ikitiwa maabara, vijidudu huacha kutengeneza vitu vya kudhuru. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell waliwapa vitoto vya panya bakteria wasio na madhara waliotengenezwa watoe kemikali hiyo hiyo, na vitoto vingi zaidi vikanusurika na kipindupindu. Tofauti na antibiotiki ni kubwa. Antibiotiki huua, na vichache vinavyopona huzaa vizazi sugu. Hapa adui hauawi, anadanganywa kwamba kazi imekwisha.

Dawa ya namna hii bado haijafika hospitalini. Kwa hiyo mzazi aliyeniuliza kwa nini nasomesha vijidudu madrasa badala ya kumaliza juzuu, namjibu kwa heshima kwamba mlango wa kwanza wa fikihi ni tohara, na mlango wenyewe unaanza na maji. Mtoto anayejua kwamba maji masafi kwa macho yanaweza kubeba mauti, atachemsha au atatia klorini bila kusukumwa.

Tuchimbe vyoo mbali na visima. Tunawe kwa sabuni. Mtu akianza kuhara maji, tusingoje asubuhi. Tumpe maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa, anywe kidogo kidogo huku tukimpeleka kituo cha afya. Na vidonge vya antibiotiki tusigawiane nyumba kwa nyumba.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu na azihifadhi nyumba zenu. Wabillahi tawfiq.