Bolti Hukazwa Gari Likiwa Chini

Gereji nimemwachia mpwa wangu. Mgongo umekataa kuingia shimoni, na macho hayasomi tena alama ndogo kwenye springi. Lakini kuna jambo nililobishania Kitale nzima, na sitaki lizikwe chini ya makopo ya grisi.

Nilizaliwa mahali paitwapo Kwanza, karibu na Kitale. Baba aliendesha trekta kwenye shamba la ADC, shirika la kilimo la serikali, na nilipomaliza darasa la saba karo ya sekondari haikupatikana. Mwaka 1977 alinipeleka mjini kwa fundi mmoja Kalasinga, tuliyemwita Mzee tu. Mwaka mzima nilisugua vyuma kwa mafuta ya taa kabla sijapewa spana.

Enzi hiyo ilikuwa ya Peugeot 504. Steshenwagoni zilizobeba abiria kwenda Nairobi zilikuwa na springi nne nyuma, mbili kila upande, maana zilijengwa kwa mzigo. Dereva Ove Andersson alikuwa ameshinda mbio za Safari Rally za 1975 kwa 504, na wateja walijivunia hilo kana kwamba gari lao ndilo lililokimbia. Moyo wa Mzee ulikuwa kwa Joginder Singh, aliyeshinda 1965 kwa Volvo, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Alikuwa akituambia, “Mshindi wa Safari hutengenezwa chini ya gari, si chini ya boneti.”

Yeye ndiye aliyenifundisha bushi. Mpira wa bushi umegandishwa kwenye bomba la chuma la ndani. Ukikaza bolti, bomba hilo linabanwa na halizunguki tena. Mkono wa gurudumu ukipanda na kushuka, ni mpira wenyewe unaojipinda. Sasa ukikaza gari likiwa juu ya jeki, gurudumu likining'inia, kisha ukalishusha, mpira unabaki umesokotwa usiku na mchana, kama mtu anayelala shingo imepinda. Utapasuka kabla ya wakati wake. Mzee aliweka bolti kwa mkono tu, akalishusha gari, akalitikisa mara kadhaa, ndipo akaingia shimoni kukaza. Pasipo shimo, aliweka jeki chini ya mkono wa gurudumu, akainua mpaka gari likaanza kuachana na stendi.

Fundi mmoja wa gereji kubwa mjini alicheka utaratibu huu kwa miaka. Alisema ni kupoteza muda wa mteja. Wateja wake walinijia na bushi mpya zilizochanika upande mmoja. Niliwaonyesha ule mchaniko wakauona kwa macho yao, na sikumtaja fundi.

Kisha barabara ya Kitale–Endebess–Suam, kilomita 45, ikawekwa lami kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Zamani, mvua zikianza, shida yetu ilikuwa kuinua: Probox za mahindi zilitiwa vipande vya nailoni juu ya springi ili tumbo lisiguse tope. Lami ikaleta vijana wa kushusha magari. Impreza imezeeka, shokabu zinavuja, na badala ya kurudishia za kiwandani, kijana anakwenda Kirinyaga Road, Nairobi, anarudi na koilova kuukuu za Japani.

Siichukii koilova. Ni springi na shokabu kwa pamoja, mwili umechongwa hesi, na kola inapandisha au kushusha gari. Ninachopinga ni kuinunua kwa sura. Kijana anakaza kola akidhani anaongeza ugumu. Ugumu umo katika unene wa waya, upana wa koili na idadi ya mizunguko. Kwa springi ya kawaida, kola hubadilisha kimo tu. Tazama namba iliyoandikwa kwenye springi. Nyingi nilizoletewa zilikuwa za 8, yaani kilo 8 huibonyeza milimita moja. Gurudumu la mbele likibeba kilo 360, springi hiyo inalala milimita 45 tu. Ya 4 inalala 90. Shimo likitokea barabarani, gurudumu lenye springi laini linashuka kulifuata. Lenye springi ngumu linaachwa hewani, na tairi lililo hewani halishiki breki wala usukani. Kiwanja cha mbio kimelazwa laini. Sisi tuna matuta kila penye shule na soko. Na shokabu ilipimwa kwa springi yake: ukiweka springi ngumu juu ya shokabu iliyochoka, gari litadunda, na atakayedundishwa ni mama yako kiti cha nyuma.

Halafu, kijana wangu, ukibadilisha kimo umebadilisha mahali mpira unapopumzika. Legeza kila bolti ya bushi, shusha gari, kaza upya, ndipo uende kupimisha magurudumu. Hakuna aliyewahi kuniletea koilova iliyofungwa hivyo na fundi mwingine.

Yule fundi wa gereji kubwa bado yupo, na hoja yake mpya ni kwamba bushi za poliurethani hazijali zimekazwa wapi. Hapo ana haki: zile huzunguka juu ya bomba lake, mradi zipakwe grisi. Lakini magari anayofunga yeye yana bushi za mpira, na bado anayakaza yakiwa hewani.