Njia ya Chuma ya Kindu na Ukumbusho wa Kongolo

Mtu wa Tunda atakaye kuona gari la moshi hushika njia ya kwenda Kibombo. Huko ataikuta reli itokayo Kindu kwenda Kongolo, mwendo wa kilomita 355. Vijana hutuuliza: Kwa nini ilijengwa, na hali mto Lualaba uko karibu?

Sababu ni miamba na maporomoko. Kutoka Ubundu hadi Kindu meli hupita. Lakini toka Kindu kwenda Kongolo mto una vizuizi vingi. Zamani mizigo ilikwenda juu ya vichwa vya wapagazi. Tena misafara ya pembe na watumwa ilipita katika Maniema yetu; na huko Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba, Livingstone alishuhudia watu wakiuawa sokoni mwaka 1871.

Kampuni ya CFL, iliyoanzishwa mwaka 1902, ilikusudia kuunganisha maji na chuma: meli inaposhindwa, gari lipokee mzigo. Kufikia mwaka 1911 reli ilikuwa imefika Kongolo. Hivyo mpagazi alituliwa mzigo wake. Lakini tusisahau kwamba waliokata misitu na kulaza mataruma ni babu zetu, nao walitoka jasho jingi.

Karibu na Kongolo mto wabanwa na magenge ya mawe. Wazungu walipaita mahali hapo Milango ya Jehanamu. Jina hilo latisha. Lakini msafiri akiisha kupapita, afika katika mji wenye ukumbusho ulio mkubwa kuliko kitisho hicho. Tarehe 1 Januari 1962, siku za vita, wamisionari 20 wa Shirika la Roho Mtakatifu waliuawa huko na askari. Hatari ilipokaribia, walikuwa wamebaki pamoja na watu wao. Padre mmoja tu, Jules Darmont, alisalimika.

Leo magari hayapiti kwa wingi kama zamani, wala reli haing'ai kama ilivyokuwa. Lakini njia ingali inasema na mwenye masikio. Basi, enyi wazazi, mtoto akiuliza, «Reli hii yaenda wapi?» tusimjibu «Kongolo» tu, tukanyamaza. Tumweleze ni nani walioilaza kwa mikono yao, na ni nani waliotoa uhai wao kule iendako.