Mfarishi wa Viraka

Mimi ni mtumishi wa serikali mwenye cheti cha ualimu; jioni hushona kwa cherehani ya kukanyaga hapa Buyenzi, mtaa wa Waswahili mjini Bujumbura. Mama mmoja mjane aliniletea viraka vya mfarishi alivyoviunganisha kwa mkono, vikiwa ni mashati ya marehemu mumewe. Mwanawe alikuwa akienda shule ya bweni huko Bururi, milimani, kwenye baridi tusiyoijua sisi wa kando ya Ziwa Tanganyika.

Nilipoitandaza kazi yake mezani, katikati palifura, kingo zikapinda, na mishono mingine ilishika nyuzi mbili tatu tu za nguo.

“Mwalimu, utanifichia makosa yangu?”

“Mama, cherehani haifichi kosa, hulikaza.”

Nilitamani kufumua yote. Lakini nilikumbuka daftari la mwanafunzi: mwalimu akiliandika upya, kazi si ya mtoto tena. Basi kwa ridhaa yake nilifumua mishono minne tu iliyokaribia kuachia, nikaishona tena na kuipiga pasi. Nikapiga bandi tabaka zote tatu, kisha nikashona kuanzia katikati kuelekea kingoni, nikiigawa nguo iliyozidi kidogo kidogo. Viraka vilivyopinda nikaviacha.

Mama alipapasa mshono wake mmoja, akanyamaza kitambo.

Ndugu msomaji, uungapo viraka, vikate kwa kipimo kimoja, na kila mshono uupige pasi kabla ya kuanza mwingine.