Mkondo Hukwama Mpakani



Sisi tunaosoma falsafa huulizwa mara nyingi, hasa tukiwa likizo hapa Ipogolo, masomo yetu yanahusiana vipi na mambo ya watu: barabara, maji, umeme. Leo tujibu kwa umeme.

Umeme unaotoka Mtera hupungua njiani. Waya wa kawaida una ukinzani, nao hutoza ushuru wake: sehemu ya umeme hugeuka joto na kupotea. Lakini zipo maada ambazo zikipoozwa sana hazitozi ushuru wowote. Huitwa supakondakta. Mwaka 1986, huko Uswisi, Georg Bednorz na Alex Müller waligundua aina mpya isiyohitaji baridi kali kama zile za zamani, na mwaka 1987 wakapewa Tuzo ya Nobel. Mwaka huohuo ikapatikana nyingine, yenye yitriamu, bariamu, shaba na oksijeni, inayoanza kazi kwenye nyuzi joto 180 hivi chini ya sifuri. Naitrojeni ya kimiminika hutosha kuipooza.

Hata hivyo, kuifanya waya hakukuwa rahisi. Maada hii ni kama chungu kilichochomwa: imeundwa na punje nyingi ndogo zilizoshikana. Ndani ya punje, atomi zimejipanga safu kwa safu, na mkondo hupita bila shida. Tatizo liko pale punje mbili zinapokutana, safu za moja zikielekea huku na za nyingine kule. Mwaka 1988 watafiti wa IBM nchini Marekani walipima mpaka mmoja mmoja. Safu zikipishana kwa nyuzi chache, mkondo mkubwa bado huvuka. Pembe ikiongezeka kupita hapo, mkondo unaoweza kuvuka hushuka upesi, hadi kubaki sehemu ndogo tu.

Tuliosimama kando ya barabara kuu Ipogolo tunaelewa. Malori ya kwenda Mbeya na Zambia yanaweza kuwa na barabara nzuri kilomita mia, lakini daraja moja likizibwa, foleni haijali uzuri wa barabara.

Jambo lililotugusa ni hili: punje zenyewe hazina kasoro. Tumeona parokia yenye kwaya mbili, kila moja hodari, ambazo hazikuweza kuimba pamoja siku ya sherehe. Waamini walitafuta mwenye roho mbaya, wakachoshana bure. Tutakapotumwa parokiani, tutakuta mipaka kama hiyo kati ya jumuiya na jumuiya, wenyeji na wahamiaji, wazee na vijana.

Wataalamu walitibuje? Punje zikishaota vibaya ni vigumu kuzigeuza, kwa hiyo walianza chini. Huandaa utepe wa metali wenye uso uliopangwa vizuri, kisha huotesha maada juu yake. Kila punje huiga mpangilio wa msingi, na kwa njia hiyo hukaribiana na jirani yake. Mipaka bado ipo, ila pembe zake ni ndogo, na mkondo unavuka.

Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba umoja wa kaya au wa jeshi ni umoja wa mpangilio: wengi hubaki wengi, wakielekea lengo moja. Mhehe abaki Mhehe, Mkinga abaki Mkinga. Tofauti ya nyuzi chache haizuii kitu.

Mfano huu una kikomo. Punje haina hiari, ila mtu anaweza kugeuka hata uzeeni, na neema humsaidia. Lakini katekesi, malezi na sala ya pamoja ndivyo msingi tunaooteshwa juu yake. Jumuiya ikikwama, kabla ya kuuliza nani mbaya, tuuangalie kwanza msingi huo.